Rejeta: Kutoka Sega la Asali Hadi Plastiki

Leo tuiweke tarakilishi kando kidogo, tuzungumzie mtambo mwingine unaouawa na joto: gari. Mwenye gari kuukuu akiona mvuke ukifuka kwenye boneti, fundi mmoja humwambia rejeta itatiwa lehemu, mwingine humwambia anunue mpya. Nani mkweli? Jibu limo katika historia.

Gari la Karl Benz la 1886 halikuwa na rejeta. Maji yalizunguka silinda, yakachemka, yakatoka kama mvuke, na dereva akaongeza mengine njiani. Kwa injini isiyofikia hata nguvu ya farasi mmoja, hilo lilitosha.

Injini zilipokua, maji ya kubeba yakawa mzigo. Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler ndiye aliyelifumbua fumbo hilo. Katika Mercedes ya nguvu za farasi 35, iliyotamba mashindanoni huko Nice mnamo Machi 1901, aliunganisha mirija midogo 8,070 yenye pande nne, ikafanana na sega la asali. Upepo ulipita ndani ya mirija, maji yakapita katikati yake. Gari likahitaji lita 9 tu. Siri ni eneo kubwa linaloguswa na hewa. Vile vyuma vyenye mapezi vilivyo juu ya prosesa yako hufuata kanuni iyo hiyo.

Kwa miongo mingi iliyofuata, rejeta zilikuwa za shaba, na hapo ndipo jua kali ilipopata riziki. Shaba hushikana vizuri na lehemu ya risasi na bati. Fundi hubandua tangi la juu kwa moto wa gesi, hupitisha ukanda mwembamba wa chuma ndani ya mirija kutoa kutu na chumvi, huziba palipotoboka, kisha hurudisha tangi. Mwisho huizamisha rejeta majini na kuijaza hewa. Mapovu yakitoka, kazi bado. Peugeot 504, iliyozinduliwa 1968 na kushinda Safari Rally 1975, ni ya enzi hiyo.

Mafuta yalipopanda bei 1973, watengenezaji walizidi kutafuta wepesi. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini, lakini alumini ina uzito wa karibu thuluthi moja tu ya shaba, na ni rahisi. Rejeta zikawa za alumini, matangi yakawa ya plastiki yaliyobanwa juu ya raba. Alumini hujifunika utando wa oksidi, hivyo lehemu ya kawaida haishiki. Plastiki nayo hukauka kwa miaka ya joto, ikapasuka. Ni kama programu ambayo msimbo wake umefichwa: huirekebishi, unanunua toleo jipya.

Kwa hiyo mafundi wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Tazama tangi kwanza. Likiwa la shaba, na mapezi hayajaoza, tengeneza. Likiwa la plastiki lenye ufa, gundi ni ya kukufikisha nyumbani tu, nunua nyingine.

Usisahau kifuniko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na maji ya sufuria huchemka karibu digrii 94, si 100. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo, maji yakapita digrii 110 bila kuchemka. Kikilegea, gari litachemka likipanda kutoka Mai Mahiu hata kama rejeta ni mpya kabisa. Wala usikifungue kikiwa moto: maji hulipuka na kuunguza uso.

Gari likichemka, simama. Ukilazimisha safari, silinda hedi hupinda, na hapo bei ya rejeta itaonekana ndogo. Binafsi nitasikitika siku ambayo fundi wa mwisho wa lehemu atafunga kibanda chake, kwa sababu pamoja naye itaondoka haki ya maskini ya kutengeneza alicho nacho.