Kindu, mji uliozaa Maniema Union

Kindu ni makao makuu ya jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Timu ya soka ya AS Maniema Union ilianzishwa katika mji huu mwaka 2005.

Tazama mji ulivyokaa kando ya mto Lualaba. Reli itokayo Katanga inaishia hapa. Kutoka hapa boti huteremka hadi Ubundu, ambako maporomoko huzifungia njia. Kuelekea Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 magharibi, njia ya haraka ni ndege.

Kutoka mji huu wa mbali, Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024–2025, ikapangwa na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat. Novemba 2024 ilikwenda Pretoria ikatoka sare ya 0–0 na Sundowns.

Vijana wanaopiga mpira katika mitaa ya Kindu, yaani Kasuku, Mikelenge na Alunguli ng'ambo ya mto, wanajua sasa kwamba njia ya kufika mashindano makubwa ya Afrika inaweza kuanzia nyumbani. Waulize mashabiki wa hapa wakusimulie: historia hii ni yao.