Ikisiri

Katika Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 na chenye makao yake Kesses, nje ya Eldoret, tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na zile za somo la Kiswahili kwa Kiswahili. Lugha yoyote iwayo, wanafunzi hukwama kwenye ikisiri, yaani muhtasari unaotangulia tasnifu. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, nalo hudai ufupi. Ila ufupi bila matokeo haufai kitu. Mwanafunzi huanza: “Elimu ni muhimu sana duniani.” Ifute sentensi hiyo! Sema ulichunguza nini, kwa mbinu gani, ukagundua nini. Anayeyamudu hayo kwa Kiswahili amekwisha kuvuka nusu ya safari ya Kiingereza cha chuoni. Wahadhiri, tafadhali fundisheni ikisiri tangu mwaka wa kwanza.