Mchoro wa Mwanakondoo wa Gent: Nani hasa aliuchora, Hubert au Jan?

Ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo mjini Gent, Ubelgiji, kuna mchoro mkubwa wa altare uliochorwa kwenye vibao 12 vya mbao. Kati kati ya safu ya chini, Mwanakondoo wa Mungu amesimama juu ya altare, damu ikimtoka kifuani na kuingia kwenye kikombe, huku malaika na watakatifu wakimwabudu.

Watu wengi wanajua ni kazi ya Jan van Eyck. Lakini maandishi ya Kilatini kwenye fremu yanasema kazi ilianzwa na Hubert van Eyck, mchoraji asiye na mpinzani, kisha Jan, aliyemfuata kwa ufundi, akaimalizia kwa gharama za tajiri Joos Vijd. Tarehe: 6 Mei 1432.

Basi si kesi imeisha? Hapana.

Hubert alifariki mwaka 1426, na hakuna kazi hata moja yenye saini yake iliyobaki. Jan yeye alisaini kadhaa, ikiwemo ile ya Arnolfini ya mwaka 1434 iliyopo London. Kwa hiyo mkono wa Jan unafahamika, wa Hubert hauna cha kulinganishwa nao.

Mwaka 1933 Emile Renders, mkusanyaji wa michoro, alidai Hubert hakuwahi hata kuwepo. Shida ni kwamba vitabu vya hesabu vya mji wa Gent vya miaka ya 1420 vinamtaja mchoraji wa jina hilo. Na kwenye ukarabati ulioanza 2012, wataalamu walibaini kuwa maandishi ya fremu ni sehemu ya kazi ya mwanzo, hayakuongezwa baadaye.

Kwa hiyo wengi sasa wanakubali Hubert alikuwepo. Wanachobishania ni aliacha nini: mpango na michoro ya chini tu, au vibao vilivyokwisha kupakwa rangi?

Sura zao nazo? Kwa masimulizi ya zamani, ndugu hao wawili wamechorwa wakiwa juu ya farasi kwenye kibao cha Waamuzi wa Haki. Kibao hicho kiliibwa Aprili 1934 na mpaka leo hakijapatikana. Kinachoonekana kanisani ni nakala.