Teatre katika masomo yetu ya Katanga: ilitoka wapi, na tumeifikisha wapi?



Kila mwaka, masomo yakikaribia kufungwa, prefe anaita walimu na kuwaambia: «Tutapokea wageni, mutengeneze kamuchezo.» Neno lenyewe njo hilo: kamuchezo. Kitu kidogo cha kujaza nafasi kati ya hotuba mbili, wakati wageni wanangojea vinywaji. Mimi ni mwalimu wa Kifransa na historia, na nimekwisha kulisikia neno hilo miaka mingi. Linaniuma, kwa sababu historia ya teatre katika masomo yetu haikuwa ya kamuchezo. Ilikuwa njia ya kufundisha. Katika kurasa hizi nitaonyesha njia hiyo ilitoka wapi, namna gani ilipotezwa, na mwishoni nitaungama kosa langu mimi mwenyewe.

1. Mbele ya darasa na ubao mweusi

Wengi wanafikiri kwamba teatre ilifika kwetu pamoja na wazungu. Si kweli. Kwa Waluba kulikuwa na chama cha Mbudye. Watu wa chama hicho njo walikuwa watunzaji wa historia ya ufalme. Walikuwa na lukasa, kipande cha mbao chenye shanga na alama za kuchongwa. Mwenye kujua alipitisha vidole juu yake, akakumbuka majina, safari na mipaka ya inchi. Lakini hakusoma kimya kama sisi tunavyosoma kitabu. Waliimba, walicheza, walionyesha kwa mwili mambo ya Nkongolo, ya Mbidi Kiluwe muwindaji, na ya Kalala Ilunga. Na mutu hakuingia tu vile: alifundishwa ngazi kwa ngazi.

Vilevile kwa Wachokwe, Walunda na Waluvale kulikuwa na mukanda. Vijana wanaume walipelekwa mbali na kijiji, wakatahiriwa, wakafundishwa kazi, nyimbo na heshima. Masinamu yaliyotokea huko hayakuwa mapambo ya kuuzisha kwa watalii. Kila sinamu lilikuwa na tabia yake na fundisho lake. Kwa hiyo wazee wetu walijua jambo ambalo leo tunalitafuta katika vitabu vya pedagojia: kile mwili wa mutoto umekifanya, kichwa chake hakikisahau upesi.

2. Wamisionere na jukwaa

Wamisionere nao walikuja na desturi yao. Wayezuiti, katika kanuni yao ya masomo ya mwaka 1599, waliruhusu michezo ya teatre kwa wanafunzi, lakini kwa masharti makali: iwe kwa Kilatini, iwe mara chache sana, iwe ya mambo matakatifu, na pasiwe na sehemu ya mwanamuke wala nguo za kike. Don Bosco kule Turin alikuwa na moyo mwingine. Yeye alipenda teatre ya vijana, na katika miaka ya 1850 aliiandikia kanuni ili ifurahishe na kufundisha pamoja. Wasalesiani, watoto wake, walifika Elisabethville mwaka 1911, mwaka mumoja tu kisha Wabenediktini kuingia Katanga.

Hapa tukumbuke jambo moja. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Vatikano na Serikali Huru ya Kongo, masomo karibu yote ya weusi yalikuwa mikononi mwa misioni. Ilikuwa mpaka mwaka 1954, wakati wa waziri Buisseret, ndipo masomo ya serikali yasiyo ya dini yalianza kufunguliwa kwa Wakongomani. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, teatre ya masomo ilikuwa teatre ya padri: maisha ya watakatifu, kuzaliwa kwa Yesu, mulevi anayetubu. Vijana wanaume walivaa vitambaa na kucheza sehemu ya mama. Tusiicheke. Humo wazazi wetu walijifunza kusema mbele ya watu wengi bila kutetemeka, na mara nyingi walisema kwa Kiswahili, luga ya mutaa.

3. Watoto wa Kamina

Mfano unaojulikana duniani ni wa Kamina. Padri Guido Haazen, Mufransiskani wa Ubelgiji, alikusanya kundi la wanafunzi na walimu wao, wakaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Walikuwa watoto karibu 45, wa miaka kati ya 9 na 14, pamoja na walimu 15 hivi. Mwaka 1958 waliimba Misa Luba, na mwaka huohuo wakapanda ndege kwenda Bulaya, wakati wa Maonyesho Makubwa ya Bruxelles. Waliimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Kisha miaka 10, mwaka 1968, Mwingereza Lindsay Anderson alitumia Sanctus yao katika filimu yake juu ya wanafunzi wanaoasi masomo yao.

Ninataka musomaji aangalie kitu kimoja hapo. Jina la padri limeandikwa kila pahali. Lakini sauti zilikuwa za watoto, na namna ya kuimba ilitoka vijijini mwao na kwa walimu wao weusi. Mwimbaji mukubwa wa Misa ile, Joachim Ngoi, alikuwa mwalimu. Kazi ya mwalimu wa masomo inaweza kufika mbali hivi, na yeye mwenyewe akabaki bila kujulikana.

4. Kutoka masomo kwenda mutaa

Huku Lubumbashi, mbegu ya masomo, ya skauti na ya redio iliota mitaani. Wazee wote wanakumbuka kundi la Mufwankolo. Tangu wakati wa ukoloni mpaka televisheni, watu walifunga milango mapema ili wawasikie: baba mwenye makelele, bibi mwenye akili, mukubwa wa kazi mwenye kiburi, yote kwa Kiswahili chetu cha kila siku.

Namna yao ya kutumika ni fundisho kubwa kwa mwalimu. Hawakuandika maneno ya kukariri. Walichagua jambo, wakalijadili, wakagawa sehemu, wakapanga mambo yafuatane namna gani. Kisha kila mumoja alitafuta maneno yake mwenyewe palepale, na kila mara waliporudilia, maneno yalikomaa. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo juu ya methali isemayo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Ulikuwa wakati wa Mobutu, na kila mwenye masikio alisikia. Johannes Fabian, aliyekuwa amefundisha kwenye chuo kikuu chetu katika miaka ya 1970, alifuata kazi yao siku kwa siku, akaandika maneno yao ya Kiswahili, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1990. Kwa hiyo maneno ya baba zetu wa Katuba na Kenya yanasomwa kule Wisconsin. Huku kwetu, ni masomo mangapi yako na kitabu hicho?

5. Wakati wa animasio

Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaire, na wakubwa wakahubiri kurudilia asili yetu. Wengi walifurahi: sasa ngoma zetu na hadisi zetu zitaingia darasani! Ziliingia kweli, lakini kwa mulango mwingine. Kisha safari za Mobutu huko China na Korea ya Kaskazini, animasio ya kisiasa ikaenea katika makazi na masomo. Wanafunzi walicheza na kuimba sifa za Muongozi na za chama. Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ikatwaa masomo yote ya makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikapatana nayo na kuyarudisha chini ya mapatano, ndiyo sababu mupaka leo tunasema masomo «conventionné».

Tusikatae kwamba animasio ilikuwa na ufundi. Miili ilifundishwa vizuri, sauti vilevile. Lakini roho ilitolewa ndani. Katika teatre, mutoto anauliza: «Juu ya nini mukubwa huyu anafanya hivi?» Katika animasio, jibu limekwisha kutolewa mbele ya ulizo. Mimi ninafikiri hapo njo tulipoanza kuzoea neno kamuchezo: watoto wanatolewa darasani ili wapendeze mugeni, halafu wanarudi darasani bila kujifunza kitu.

6. Mwaka ule wa gare

Nilikuwa Likasi, mutoto wa masomo ya msingi. Mwaka wa masomo 1991-1992 ulipotea karibu wote katika inchi nzima, juu ya mugomo wa walimu wasiolipwa. Kisha hapo wazazi wakaanza kulipa walimu wao wenyewe, mupango uliodumu mpaka serikali ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo mwaka 2019.

Mwalimu wetu alikuwa na kundi la teatre. Tulicheza hadisi ya chifu anayekataa kusikiliza wazee. Rafiki yangu njo alikuwa chifu. Alikuwa na sauti nene kuliko umri wake, na sisi wote tulimuogopa akisimama juu ya meza. Mimi nilikuwa askari, nilisema maneno matatu tu.

Mwaka 1992, fujo kati ya Wakatanga na Wakasai ilipoanza, jamaa yake walifukuzwa nyumbani. Maelfu ya watu walilala kwenye gare ya Likasi, chini ya mashuka na mabati, wakingojea treni ya kwenda Kasai. Nilienda huko mara moja na mama, tulipeleka unga. Rafiki yangu alikuwa ameketi juu ya mizigo. Akaniambia: «Sasa nani atafanya chifu?» Nilikosa jibu. Siku moja tukasikia treni imeenda. Mwalimu hakutafuta chifu mwingine, kundi likakufa. Mupaka leo sijui kama yeye alifika.

7. Kosa langu

Kisha nikasoma, nikapata diplome ya ISP, nikaanza kufundisha Lubumbashi. Mwaka mumoja nilijaribu namna ya Mufwankolo na wanafunzi wa mwaka wa tano. Niliwaambia: ulizeni bazazi benu jambo moja la zamani ambalo hawapendi kusema. Wakaleta mengi, na bila mimi kuwasukuma, wengi walileta gare. Watoto wa pande zote mbili walikuwa mule darasani. Kwa majuma sita walijadili. Musichana mumoja alikubali kucheza mama anayezaa kando ya reli. Hakuna aliyeandika maneno. Yalikomaa kwa kurudiliwa.

Siku tatu mbele ya sikukuu, wakubwa wa masomo wakaniita. «Mwalimu, ile ya gare utoe. Itaamusha mambo.» Wakasema kuna wageni, kuna bazazi, tuweke kitu cha kuchekesha. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na mushahara mudogo. Nikaitika. Nikawaambia wanafunzi: mufanye ile ya mulevi. Watu walicheka sana. Musichana yule hakuja siku ile, na hakuniuliza kitu.

Ninajua hofu ya wakubwa haikuwa ya bure, kwa sababu kidonda hicho bado ni kibichi kwa wengine. Lakini watoto walikwisha kukishika kwa mikono yao, kwa adabu, na hawakugombana. Waliopatana ni wao. Walioogopa ni sisi wakubwa. Na kwa kuwa hatukuandika hata ukurasa mumoja, mchezo ule umepotea. Hakuna mutu wa kuukumbuka kwa lukasa, wala wa kuuchapisha Wisconsin.

8. Tufanye nini?

Silete mashauri makubwa ya feza. Kwanza, saa moja kwa juma ya teatre ndani ya kozi ya Kifransa au ya elimu ya uraia. Si kungojea sikukuu. Wanafunzi wasome Molière, wasome Césaire aliyeandika juu ya Lumumba mwaka 1966, lakini watengeneze na yao kwa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2014 yenyewe inatambua luga zetu katika masomo. Pili, wasichana wacheze sehemu zao, na wapange nasi. Tatu, kila kundi liwe na daftari. Tuache maneno yakomae mdomoni, sawa vile Mufwankolo alivyofanya, lakini yakikomaa, mwanafunzi mumoja ayaandike pamoja na tarehe na majina ya waliocheza. Daftari moja halishindi bei ya chupa za siku ya wageni.

Nne, na hili ni letu sisi walimu: tukiambiwa tutoe, tuulize kwanza juu ya nini, na tuwaulize watoto.

Mimi nimekwisha kununua daftari. Katika ukurasa wa kwanza niliandika hadisi ya chifu asiyesikiliza wazee, vile ninavyoikumbuka, pamoja na maneno yangu matatu ya askari. Maneno ya chifu ni mengi kuliko ninayoyajua. Nimeacha nafasi. Kama kuna musomaji huko Mbujimayi, Kananga au Mwene-Ditu aliyekuwa chifu katika masomo ya msingi ya Likasi mwaka 1992, ajue kwamba sehemu yake hakuna mutu aliyeitwaa.