Kutoka MIOME Hadi Chipu: Fundi Hafunzwi kwa Mdomo

 

Usiku mmoja wa Ramadhani, ukitoka tarawehe, pita na Ndia Kuu kabla hujarudi nyumbani, uitazame ile milango ya nakshi. Hakuna fundi aliyejifunza kuchonga mlango kama ule kwa kusikiza maneno matupu. Alikaa chini ya fundi mkubwa, akapewa kipande cha mbao, akakiharibu, akapewa chengine, hata mkono ukazoea. Waunda majahazi walijifunza vivyo hivyo, na washona kofia vivyo hivyo. Mwanafunzi alijua kuwa amefahamu pale alipokishika mkononi kitu alichokitengeneza mwenyewe.

Sasa toa simu yako mfukoni. Kinachoiendesha ni chipu, kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha, na katika simu za bei kubwa kipande hicho kina transista zaidi ya bilioni kumi. Transista ni swichi ya umeme, hufunga na kufungua, basi. Ajabu iko katika wingi wake na mpango wake. Mpango ule kuna mtu aliyeuchora, na mtu huyo alifunzwa mahali. Je, alifunzwa vipi? Na sisi watu wa Mvita tuna historia gani ya mambo haya? Tunayo, tena kubwa kuliko vijana wengi wanavyodhani.

Mchango wa wazee

Turudi nyuma kidogo. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, na baadaye gati za maji makuu za Kilindini zikaivuta biashara kubwa kutoka Bandari ya Kale. Mji ukajaa mitambo. Lakini mafundi wake wengi walitoka nje, na watoto wetu walibaki watazamaji. Skuli nyingi zilikuwa za wamishonari, na wazazi wa Kiislamu walichelea dini za watoto wao. Si hofu ya kuchekwa hiyo, lakini gharama yake tuliilipa.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, rahimahullah, aliliona jambo hili mapema. Alichapisha gazeti la Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika maandishi yake aliwahimiza Waislamu washike elimu za kisasa bila ya kuacha dini yao. Alifariki mwaka 1947.

Mwaka mmoja baadaye, 1948, ikaasisiwa Mombasa Institute of Muslim Education, ile ambayo wazee wetu mpaka leo waiita kwa kifupi MIOME. Lengo lake liliandikwa wazi: kuwapa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi. Si Mombasa peke yake, ni Afrika Mashariki yote.

Fedha zilitoka wapi? Hapa, ndugu msomaji, nakuomba usome polepole. Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, alitoa. Aga Khan, Sultan Muhammad Shah, alitoa. Jamaa wa Kibohora walitoa. Serikali ya Uingereza nayo ikatia mkono wake kupitia wizara yake ya makoloni. Watu wa madhehebu mbalimbali, ambao pengine hawakuwa wakiswali msikiti mmoja, walichangia karakana moja. Kwa nini? Kwa sababu karakana ni ghali. Mashine ya kukereza chuma haiwezi kununuliwa na mzazi mmoja kwa ajili ya mwanawe mmoja. Ama waichangie watu wengi, ama wote waikose.

Chuo kikajengwa Tudor, hapa hapa kisiwani, na masomo yakaanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. (Kwa kupita tu: Profesa Ali Mazrui, mwana wa Sheikh Al-Amin, alikuwa karani pale katika ujana wake, baada ya Makerere kutomchukua. Alitoa hotuba ya Maulidi mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, gavana akavutiwa, na hiyo ikawa njia yake ya kwenda kusoma Uingereza. Kwa hiyo chuo cha ufundi kilimtoa hata mtu wa kalamu!)

Mwaka 1966 chuo kikafunguliwa kwa watu wa dini zote na kuitwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili, Technical University of Mombasa. Wako wazee wanaosema tulinyang'anywa. Machungu yao nayafahamu, lakini mimi naona karakana bado ziko Tudor, na mlango haukufungwa kwa mtoto wa Kibokoni. La kuuliza ni wangapi wetu tunaoingia, tena kwa somo gani.

Darasa lililosubiri posta

Tuvuke bahari sasa, kwa sababu jambo lile lile la gharama liliwasumbua Wamarekani miaka thelathini baada ya MIOME.

Kwanza ufahamu chipu inavyotengenezwa. Huanza na kisahani chembamba cha silikoni safi. Hupakwa dawa inayobadilika ikipigwa na mwanga, kisha mwanga hupitishwa kwenye kiolezo chenye mchoro, mfano wa negativu za studio za picha za zamani. Penye mwanga na pasipo mwanga hutofautiana, kemikali zikala sehemu moja na kuacha nyengine. Hurudiwa hivyo tabaka juu ya tabaka. Kisahani kimoja hutoa chipu mamia. Ghali mno ni kile kiwanda chenyewe na vile violezo. Ukishakuwa navyo, chipu ya mia haizidi sana gharama ya chipu ya kwanza.

Basi katika miaka ya 1970 kuchora chipu kulikuwa siri ya makampuni. Mwaka 1978 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 8086 yenye transista 29,000, na mwanafunzi wa chuo kikuu angeweza kusoma juu yake tu. Kuchora ya kwake ikatengenezwa? Nani angemlipia?

Watu wawili wakalivunja jambo hilo: Carver Mead, profesa wa Caltech, na Lynn Conway, mhandisi wa maabara ya Xerox mjini Palo Alto, California. Kwanza walizifupisha kanuni za uchoraji zikawa chache, ambazo mwanafunzi anaweza kuzishika bila ya kuwa bingwa wa kemia ya silikoni. Kisha Conway akaenda kufunza chuo cha MIT mwishoni mwa mwaka 1978. Wanafunzi walisoma nusu ya kwanza ya muhula, na nusu ya pili wakachora chipu zao. Michoro ikatumwa Palo Alto kwa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, ikaunganishwa pamoja kama vipande vya mkeka, na ikatengenezwa kwa kutumia kisahani cha pamoja. Januari 1979 chipu zikarudi kwa wenyewe.

Mwaka huo huo wakaipanua kazi. Kwa mpango ulioitwa MPC79, watu 124 kutoka vyuo kama kumi na viwili walipeleka michoro 82. Tangu siku ya mwisho ya kupokea michoro mpaka chipu kuwa tayari zilipita siku 29. Siku ishirini na tisa, mwezi wa Ramadhani ulioandama mapema! Mmoja wa wachoraji, Jim Clark wa Stanford, alijaribu humo chipu yake ya kuchora picha kwenye kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaanzisha kampuni ya Silicon Graphics. Mwaka 1981 kazi yenyewe ikapewa chombo cha kudumu, MOSIS, ili vyuo viendelee kuchangia visahani.

Wenye maduka Biashara Street hawahitaji kuelezwa hesabu hii. Mwenye mtaji mdogo hajazi kontena zima kutoka Dubai. Hutafuta wenziwe, kila mmoja akalipia nafasi yake, na kontena ikaja. Mead na Conway walifanya kontena la silikoni.

Lakini kuna faida nyengine isiyoonekana kwenye hesabu. Mwanafunzi anayejua kwamba mchoro wake utatengenezwa kweli huchora kwa hofu nyengine kabisa. Kwenye karatasi, kosa hufutwa kwa raba. Kwenye silikoni, waya mmoja uliokosewa haufutiki, chipu hurudi imekufa, na mwenyewe hukaa na darubini kutafuta wapi alikosea. Somo hilo hubakia kichwani kuliko mitihani kumi.

Leo hali ikoje?

Njia imekuwa pana zaidi. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha SkyWater cha Marekani walizitoa bure kanuni za uchoraji za teknolojia ya nanomita 130, ambazo kwa kawaida huwekewa sahihi za siri. Mwaka 2022 mhandisi Matt Venn akaanzisha Tiny Tapeout: mamia ya michoro ya wanafunzi na wapenzi wa ufundi huwekwa ndani ya chipu moja. Kigae cha mtu mmoja ni mikromita 160 kwa 100, hakifiki hata robo ya milimita. Chipu ikirudi, kila mshiriki huchagua kigae chake na kukijaribu. Mambo hayakwenda mserego, lakini. Machi 2025 kampuni ya Efabless, iliyokuwa ikiwapelekea kazi kiwandani, ilifunga milango na watu wakabaki wanangoja chipu zao. Kazi ikahamia pia kwa IHP, taasisi ya Ujerumani.

Na hapa Kenya? Nenda Nyeri. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi iko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na kazi hii ya silikoni, na mwaka 2024 shirika la USTDA la Marekani lilitangaza kugharimia utafiti wa kuipanua. Nyeri, si Mombasa. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu mtu wa pwani husikia "chipu" akadhani ni habari ya Taiwan peke yake.

Tena sisi hatuanzi sifuri. Vijana wetu wanaotengeneza simu katika vibanda vya mjini huibandua chipu iliyoungua kwa hewa ya moto, wakabandika nyengine, wakairudisha simu kwa mwenyewe ikiwa hai. Mkono huo ni wa fundi. Wanaijua chipu kwa nje, bado kwa ndani.

Hatua za ndani ziko wazi. Kwanza ni programu za bure za kuchora na kujaribu saketi kwenye kompyuta. Pili ni ubao wa FPGA, ambayo ni chipu inayokubali kupangwa upya kila mara. Ukikosea unafuta, unapanga tena, nao ubao mmoja unaweza kutumiwa na darasa zima la madrasa au la jumuiya. Tatu ndiyo silikoni yenyewe, kigae kimoja, na ikiwa kigae ni ghali kwa mmoja, vijana wanane wanaweza kuchanga wakachora pamoja.

Kwa kuanza, usichague kitu kikubwa. Chora saketi ya kujumlisha namba mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 3. Inahitaji geti saba tu. Geti ni transista chache zilizopangwa zijibu ndiyo au la: tatu za XOR, tatu za AND, moja ya OR. Ukiwa na kompyuta na utulivu kidogo, kazi hiyo yamalizika baina ya futari na adhana ya isha.