Wavu Haujui Kusoma

Vijana wenzangu, mnajua kwamba ganda la ng'amba liliwahi kuwa mali kubwa pwani kwetu? Periplus, kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinalitaja kati ya bidhaa za Rhapta. Karne nyingi baadaye, wavuvi wa Unguja walikuwa wakimfunga chazo kamba mkiani na kumwachia amgande kasa, kisha wanavuta. Enzi hizo kasa alitafutwa.

Leo, mara nyingi, hananaswi kwa makusudi. Mvuvi katega jarife, anataka papa. Kasa anakwama humo, anakosa kuibuka kupumua, anakufa. Sheria inakataza, sawa, lakini wavu haujui kusoma. Na mvuvi je? Akikata wavu amwokoe, hasara ni yake. Akimchinja, watoto wamekula.

Watamu, Kenya, waliliona hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mvuvi akimnasa kasa huwaarifu wahifadhi, wakaja, wakamkagua na kumrudisha baharini. Mvuvi hulipwa fidia kidogo ya muda wake, si bei ya kasa.

Huko Peru, kwenye ghuba ya Sechura, nyavu zilifungwa vitaa vya kijani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kasa walionaswa walipungua kwa asilimia 64 hivi, na samaki waliotakiwa hawakupungua.

Tusidanganyane: anayemwokoa kasa ni mvuvi mwenyewe. Basi tuanze na chungu chake.