Nyongo ya Ng'ombe

Uvimbe ulikuwa laini, wa rangi ya waridi, umelala juu ya weupe wa jicho langu la kushoto kama kipande cha nyama ya samaki. Majibu ya maabara yaliporudi, daktari alisema si saratani. Zilikuwa chembe za kinga zilizojikusanya pasipo sababu, jambo la nadra. Akapendekeza sindano ya steroidi, palepale kwenye uvimbe.

Mama akakataa. Dawa hiyo aliijua: ilimvimbisha shangazi uso, kisha ikamwachia mtoto wa jicho. Usiku huo nikaanza kusoma.

Habari zake zinaanzia Rochester, Minnesota, kwenye hospitali ya Mayo Clinic. Daktari Philip Hench aligundua kwamba mgonjwa wa baridi yabisi akipata manjano, au akishika mimba, maumivu yake hupungua. Akaamini kwamba mwili una dawa yake wenyewe. Mwenzake, mkemia Edward Kendall, alikuwa akichambua homoni za tezi zilizo juu ya figo. Mojawapo, kotisoni, ilitengenezwa kwa taabu kubwa kutokana na nyongo ya ng'ombe. Septemba 1948 walimchoma sindano mwanamke wa miaka 29 aliyekakamaa viungo. Siku chache baadaye alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel.

Shangwe haikudumu. Dawa ilipokatizwa, maumivu yalirudi; ilipoendelea, nyuso zilivimba. Kufikia 1960 madaktari walikuwa wameona kwamba inaweza kupandisha presha ya jicho, na ikitumiwa muda mrefu, kuleta mtoto wa jicho.

Kumbe Mama hakukosea. Ila shangazi alimeza vidonge kwa miaka mingi. Mimi ningepata kiasi kidogo, mahali pamoja, chini ya uangalizi. Nikamweleza hivyo. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi nami nakuja."

Nilitiwa matone ya ganzi. Sindano ilipokaribia niliona kivuli chake, nikashika mkono wa Mama. Baada ya wiki kadhaa uvimbe ulinywea.

Bado narudi kliniki kupimwa presha ya jicho. Daktari hufurahia weupe uliorudi. Mama hutazama kadi na kuuliza, "Leo imesoma ngapi?"